Kompyuta Iliyomwambia Bi Jokha "Toka"

Kama gazeti la wiki iliyopita hukulipata, usijisumbue kulitafuta. Mie mwenyewe nimezunguka Darajani yote, nimelikuta limefungiwa karanga. Tukumbushane mbio mbio, maana leo kuna mambo.

Kheir ni kijana wa Nungwi, fundi wa kompyuta, ana kiduka chake hapo Darajani. Anampenda Arwa, mwalimu wa Kiingereza, mjukuu wa Bi Jokha wa Sokomuhogo. Anampenda mpaka akipita chini ya dirisha lao hujikwaa. Shangazi yake, Bi Mwanakheir, alikwishakwenda kupeleka neno, na Bi Jokha alimjibu kwa ufupi: "Kitabu changu kwanza. Kikitoka salama, ntamsikiliza huyo kijana wenu. Kikipotea, na yeye apotee."

Kitabu chenyewe ni cha mapishi ya Unguja. Bi Jokha alisema radioni miaka na miaka, kipindi cha akina mama, na hata leo akinunua samaki sokoni watu hugeuka kuitafuta sauti. Kuandika hataki. Yeye hukaa kwenye kiti chake akasema, na Arwa akachapa kwenye kompyuta iliyoletwa na mtoto wa bibi huyo kutoka Maskati. Karatasi hakuna. Kitabu kimo ndani ya mashine ile, pahala pengine popote hakimo.

Sasa Kheir kafanya nini? Na yeye mwenyewe ndiye aliyenituma niseme yote bila ya kumstiri, msije mkanilaumu. Kamwambia Bi Jokha uongo. Kamwambia ile programu kuu inayoiendesha mashine nzima, ambayo bibi huyu huiita "roho", imechoka na inataka kubadilishwa. Haijachoka hata kidogo! Halafu kamtilia toleo jipya la Kiswahili, ambalo kampuni moja ya ng'ambo imewapa watu wachache wapate kulijaribu kabla halijaanza kuuzwa. Kheir alijiandikisha kuwa mjaribu, akapelekewa sidii yake.

Kompyuta ikawaka, ikaandika "Karibu". Bi Jokha akafurahi. Arwa akafurahi. Kheir akafurahi kuwashinda wote. Kisha bibi akataka kuizima kwa mkono wake, mara yake ya kwanza tangu kuzaliwa, na hapo ndipo tulipoishia, pale mashine ilipomwandikia neno moja tu:

TOKA.

"Nani huyo?" Bi Jokha aliuliza.

"Hakuna mtu, Bi. Ni kompyuta."

"Naiona kuwa ni kompyuta. Nnauliza ni nani humo ndani anayeniambia mie toka."

Kheir akasogea mezani. "Si tusi, Bi. Ni kitufe. Ukitaka kuizima unabonyeza hapo, inatoka."

"Anayetoka ni nani? Mie au yeye?"

"Yeye, Bi."

"Basi aseme 'natoka'. Alaa! Mgeni anaondoka kwa watu, badala ya kuaga anamfukuza mwenye nyumba? Nyumba hii kaijenga babu yangu. Mabwana wakubwa wakubwa wamevua viatu mlangoni hapo, hata mmoja hajathubutu kuniambia toka!"

Arwa kasimama nyuma ya kiti, ncha ya mtandio kaiuma asipasuke kwa kicheko. "Bibi, hili ni toleo la majaribio tu. Wenyewe huliita beta."

"Beta? Si ndivyo Wahindi wanavyowaita watoto wao?"

"Ni hivyo hivyo, Bibi."

"Basi mtoto huyu hakufunzwa adabu. Hana wazee?"

"Wazee wake wako ng'ambo," alisema Kheir.

"Ahaa. Hapo sasa nimefahamu."

Kheir aliona posa yake inatoka mlangoni pamoja na lile neno. Lazima aseme kitu, na aseme upesi. "Bi Jokha, ndiyo sababu wakalileta kwa majaribio. Wanataka mtu anayejua Kiswahili awasahihishe. Kuna pahala pa kuwaandikia."

Bibi akageuka taratibu. "Wanataka wasahihishwe?"

"Wanaomba, Bi."

"Kiswahili?"

"Kiswahili. Sasa nani atawasahihisha? Sisi watu wa Nungwi?"

"Nyie Kiswahili chenu kimeingia chumvi," alisema Bi Jokha, lakini uso ulikwishakunjuka. "Arwa! Vuta kiti. Waandikie waniondolee hilo 'toka' lao, watie 'kwaheri'."

Basi zikaanza siku za raha. Kila alasiri Kheir anafunga duka, anavaa kanzu safi, anakwenda Sokomuhogo "kuangalia majaribio". Bi Jokha juu ya kiti, Arwa kwenye kompyuta, Kheir kwenye kigoda karibu na waya, na birika la kahawa kati yao.

Mashine ikiandika "Kosa kubwa limetokea", bibi anashika kifua. "Subhanallah! Ndiyo watu huambiwa hivyo, ghafla ghafla? Mtu akiwa na moyo mbovu je? Waambie waandike, 'Pole, kuna jambo dogo.'"

"Lakini kosa ni kubwa, Bibi," anasema Arwa.

"Hata msiba huambiwi moja kwa moja. Unaanza kuulizwa umekula?"

Arwa akawafasiria watu wa ng'ambo kwa Kiingereza, akaandika: pahala pa "Kosa kubwa limetokea" bora muulize kwanza kama mtu amekula. Kheir akacheka mpaka kahawa ikampanda puani. Arwa akampa kitambaa. Kitambaa kile, jamani, Kheir mpaka leo hajakirejesha.

"Fundi, kula visheti," Arwa alimwambia siku moja. "Naona majaribio haya hayamaliziki."

"Yana kazi, Mwalimu," alijibu Kheir. "Kazi kubwa."

Mwongo huyo! Kazi alikwishaimaliza zamani. Sasa alikuwa akiiombea beta ile Mungu aipe umri mrefu. Akikosa la kutengeneza, anakigeuza kipanya, anakipuliza tumboni, anakirejesha mezani.

Na Bi Jokha akawa anasema kitabu chake, na Arwa anachapa, na hakuna aliyerudi nyuma kukisoma kilichochapwa. Hapo ndipo palipoharibika.

Toleo lile lilikuwa na tabia moja ambayo hata Kheir hakuijua. Likiona neno lisilolijua, halimwulizi mtu. Linalitoa, linatia lile lililoliona limefanana nalo. Tena linafanya hivyo kimya kimya, mtu akishageuka.

Alasiri moja akaja Bi Duni. Bi Duni ni jirani, na yeye ni mpishi, na yeye na Bi Jokha wanapendana sana mpaka ifike habari ya nani anajua kupika. Kakaribishwa, kawekewa kahawa na sahani ya visheti. Bi Jokha hakuweza kujizuia.

"Arwa, hebu msomee mwenzangu kidogo. Msomee hapo pa visheti. Asikie jambo linavyopangwa."

Arwa akasafisha koo, akasoma. "'Vikishakauka mafuta, chukua sufuria ya shira ya moto, uwatie...'" Akanyamaza.

"Soma, mama."

"Bibi, labda tusome pengine."

"Soma!"

"'Uwatie vishetani wote kwa pamoja. Wageuze geuze mpaka washike sukari. Waache vishetani wapoe, kisha uwape wageni.'"

Bi Duni alikuwa na kisheti mdomoni. Hakukimeza wala hakukitema.

"Umesoma nini?" Bi Jokha aliuliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa, Bibi. Vishetani."

"Geuza ukurasa! Soma sambusa!"

Arwa akageuza. Sauti yake sasa inatetemeka, na haikuwa kwa hofu. "'Kaanga samahani zako mpaka ziwe nyekundu.'"

"Boko boko! Soma boko boko langu la ngano!"

"'Kiboko hurowekwa tangu usiku,'" Arwa alisoma, na machozi ya kicheko yalikuwa yakimtoka. "'Asubuhi kiboko akishalainika, mponde na nyama ya kuku.'"

Bi Duni akakitoa kile kisheti, akakiweka ukingoni mwa sahani kwa adabu kabisa. "Bi Jokha, mwenzangu," alisema, "mie mapishi yako nliyasikia radioni miaka yote hiyo. Kumbe mengine ulikuwa ukituficha!" Akainuka, akajitanda buibui lake, akaaga. Walimsikia akicheka kichochoro kizima mpaka alipokata kona.

Kheir alitamani mashine ile iandike lile "toka" lake, na safari hii atii yeye.

"Kheir."

"Naam, Bi."

"Unirejeshee roho yangu ya zamani. Leo hii, kabla ya magharibi. Ilikuwa haijui Kiswahili, lakini ilikuwa haiwatii vishetani katika chakula changu."

"Ntairejesha, Bi. Lakini kwanza tukitoe kitabu, tukiweke pembeni."

Ikawa hapo sasa. Kheir akatia disketi. Mashine ikaandika: "Kitu hiki hakijulikani." Akaunga printa ili wakichape japo na vishetani vyake. Mashine ikaandika: "Kitu hiki nacho hakijulikani." Fundi jasho likaanza kumtoka.

"Bi, nipe ruhusa niichukue kompyuta dukani. Nina zana zangu kule, ntakitoa bila ya taabu."

"Dukani wapi? Darajani?" Bi Jokha alishika kiti kwa mikono miwili. "Mapishi yangu yakalale Darajani! Kesho Bi Duni awe anauza boko boko langu! Kitabu hakitoki mlango huu mpaka kiwe kitabu."

Nikuambieni ukweli ambao Kheir kaniambia? Hakusisitiza. Dukani kungekuwa na zana zote, lakini Arwa hangekuwako.

"Iko njia nyengine," alisema. "Natia sidii ile ile, nachagua 'Kujitoa katika majaribio'. Yenyewe itarejesha programu ya zamani. Wamesema itauliza kama mtu anataka kazi zake zihifadhiwe, na ukizihifadhi, unazikuta."

"Una hakika?" Arwa aliuliza, na safari hii hakuwa akicheka.

"Wenyewe ndivyo walivyoandika."

"Wenyewe hao hao wa vishetani?"

Kheir akainama mezani. Akatia sidii. Mashine ikanguruma, ikafikiri, ikauliza kama kweli wanataka kujitoa, ikasema imesikitika na ingependa kujua sababu. Bi Jokha akataka kuwaandikia sababu. Arwa akamwomba aiwache. Kheir akabonyeza, akabonyeza, kila pahala pakawa pazuri. Kisha kioo kizima kikageuka buluu, na katikati yakatokea maneno haya:

JE, HUTAKI KUHIFADHI KAZI ZAKO?

Na chini yake vitufe viwili. NDIYO. HAPANA.

"Bonyeza ndiyo," alisema Arwa.

"Ngoja!" Bi Jokha alinyanyua mkono. "Ndiyo nini? Ndiyo sitaki? Kitabu kiende na maji?"

"Hapana, Bibi. Huyu aliyeandika kafasiri kutoka Kiingereza neno kwa neno. Wenzetu wale ukiwauliza 'hutaki chai?' na wanaitaka, hujibu ndiyo."

"Na wasipoitaka?"

"Hujibu hapana."

"Watu gani hao! Hebu tazama. Weye uniulize mie, 'Bibi, hutaki chai?' Nikikujibu 'ndiyo', utanimiminia?"

"Sikumiminii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umeshasema ndiyo, hutaki."

"Na nikikujibu 'hapana'?"

Arwa akavuta pumzi. "Nitakwenda kukuletea kikombe."

"Umeona?" Bi Jokha akaegemea kiti kama alivyokuwa akiegemea radioni akishamshinda mtu. "Tunaulizwa hutaki? Jibu ni hapana, si kweli, tunataka. Kheir, bonyeza hapana."

"Usibonyeze!" alisema Arwa. "Bibi, mimi hii ndiyo kazi yangu. Nafundisha watoto kila siku. Swali hili ni la Kiingereza, limevaa nguo za Kiswahili."

"Mashine hii inasema lugha gani?"

"Kiswahili, lakini..."

"Basi ijibiwe Kiswahili! Nimewasahihisha siku zote hizi, wakashukuru, wameshajifunza. Kheir, bonyeza."

Kidole cha Kheir kiko juu ya kipanya. Kulia kwake, msichana ambaye yeye anataka kumwoa. Kushoto kwake, bibi ambaye asiporidhia hakuna wa kuozeshwa. Moyoni alijua. Alijua kabisa kuwa haki iko kwa Arwa, maana aliyeandika "toka" na "vishetani" ndiye huyo huyo aliyeandika swali hili.

"Kheir," Bi Jokha alisema, na sauti ilikuwa ile ya radioni. "Weye ndiye fundi. Unamsikiliza nani katika nyumba hii?"

Mtu gani anayeposa akaulizwa suala kama hilo akawa na jibu jengine?

"Nakusikiliza weye, Bi."

Akabonyeza HAPANA.

Mashine ikaandika: ASANTE. KAZI ZAKO ZOTE ZINAFUTWA.

Maneno hayo kila mmoja aliyafahamu. Hayakuwa na kosa hata moja.

"Uwiii!" Arwa alipiga kelele. Kheir akaruka, akang'oa waya ukutani, kigoda kikapinduka, birika la kahawa likaenda zake. Kioo kikawa cheusi. Alipoichomeka tena, mashine ikawaka kwa utulivu kabisa, na roho yake ya zamani, na Kiingereza chake cha zamani, safi, tupu. Wakatafuta kila pembe. Pa visheti hapana kitu. Pa sambusa hapana kitu. Hata yule kiboko, hayuko.

Kheir aliinama akaanza kuokota vikombe, kwa sababu mikono yake ilikuwa inataka kazi. Alijua sharti. Kikipotea, na yeye apotee. Angeweza kumlaumu bibi, na haki alikuwa nayo. Angeweza kuilaumu kampuni ya ng'ambo. Alipomtazama Bi Jokha alivyokaa, mikono mapajani, anakitazama kile kioo kitupu, roho ilimuuma na yote hayo yakamkataa mdomoni.

"Kheir," alisema bibi mwishoni. "Nambie kweli. Hii roho ya zamani ilikuwa na ugonjwa gani?"

Kheir akaweka kikombe chini.

"Haikuwa na ugonjwa, Bi."

"Haikuchoka?"

"Haikuchoka. Nlikudanganya. Kompyuta yako ilikuwa nzima kuliko zote nlizonazo dukani. Nlitia toleo la majaribio nikijua kuwa halijatulia, na kuwa litanipa sababu ya kuja hapa kila siku." Uso ulikuwa unamwaka moto, lakini alikwishaanza. "Nlitaka kukaa nyumba moja na Arwa japo kwa kikombe cha kahawa. Kitabu chako nimekiponza mie, Bi. Si Kiswahili chako. Nisamehe. Naondoka, na shangazi ntamwambia asirudi."

Akatafuta kofia yake. Ilikuwa imelowa kahawa.

"Kaa chini," alisema Bi Jokha.

Kheir akakaa.

Mabega ya bibi yakaanza kutikisika. Kheir alidhani analia, na yeye akataka kulia. Kumbe! Bi Jokha anacheka. Kacheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"'Waache vishetani wapoe, kisha uwape wageni!'" alisema. "Na yeye Bi Duni kisheti kimo mdomoni! Wallahi Kheir, tangu afe babu yake Arwa sijacheka hivi. Kitabu kimo kichwani mwangu, mwanangu. Ntakisema tena, na safari hii kwa roho isiyojitia kujua. Na 'hapana' nimeisema mie kwa ulimi wangu. Siwezi kukutia weye hatiani kwa neno langu mwenyewe."

Kheir hakuyaamini masikio yake. "Na sharti lako, Bi?"

"Sharti nimelivunja mie, kwa hivyo halipo. Amebaki wa kuulizwa tu." Akanyanyua sauti. "Arwa!"

"Naam, Bibi," alijibu Arwa, ambaye alikuwa hapo hapo nyuma ya kiti, lakini adabu ni adabu.

"Kheir, geuka ukutani. Msichana haulizwi akitazamwa."

Kheir akageuka. Pua yake ilikuwa inagusana na kalenda. Moyo unadunda mpaka aliogopa kalenda itaanguka.

Bi Jokha akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya heshima, kama yeye alivyoulizwa na bibi yake, na bibi yake alivyoulizwa na wakubwa wake:

"Arwa, mjukuu wangu. Kijana huyu kaja kwa heri. Humtaki?"

Kukawa kimya. Kimya kizuri! Kheir alijua mila, kimya cha msichana ndiyo ridhaa yake. Akaanza kutabasamu, peke yake, na ukuta wake. Kimya kiendelee kidogo tu, basi, keshakuwa mume wa mtu.

"Ndiyo," alisema Arwa.

Halafu miguu ikasikika inapanda ngazi, mbio mbio, na mlango wa juu ukafungwa.

Kheir akageuka na uso wote meno. "Alhamdulillahi!"

Bi Jokha alikuwa anamtazama kwa huruma. "Pole, mwanangu."

"Pole ya nini, Bi? Si kasema ndiyo?"

"Nimemwuliza humtaki. Kasema ndiyo. Ndiyo, hakutaki. Angenyamaza ningejua. Kwa nini hakunyamaza?"

Meno yote ya Kheir yakarudi ndani. Kisha akaruka kama aliyechomwa. "Bi! Bi Jokha! Huyu ni mwalimu wa Kiingereza! Wewe umeuliza kwa Kiswahili, lakini yeye kajibu kwa ile ya chai! Ile ya kompyuta!"

"Mjukuu wangu? Nliyemlea mie, anijibu kama kompyuta?"

"Hukuona uso wake? Alicheka? Alikasirika?"

"Aliinamisha kichwa. Ulitaka anikodolee macho?"

"Basi mwulize tena, Bi. Mwulize sawasawa. Mwulize 'unamtaka?'"

"Astaghfirullah! Binti wa watu aulizwe unamtaka? Ajibu namtaka, mbele ya bibi yake? Ndiyo mnavyoulizana Nungwi?"

"Basi mwulize vile vile, humtaki."

"Akisema ndiyo tena?"

Kheir akaanza kuhesabu kwa vidole. Akarudi mwanzo.

"Na akisema hapana?" aliuliza Bi Jokha. "Kwa Kiswahili itakuwa anakutaka. Kwa ile ya chai je?"

Juu kwenye ghorofa kitu kikaanguka, au kilitupwa, au mtu alikuwa anacheza. Wote wawili wakatazama dari.

Bi Jokha akainuka. Akajifunga leso kiunoni, akaenda mpaka kwenye ngazi, akaweka mguu mmoja juu ya daraja la kwanza. Mwanamke huyu kasema radioni miaka na miaka, kisiwa kizima kimejifunza kuzungumza kwa kumsikiliza. Akasimama hapo. Akageuka, na kwa mara ya kwanza Kheir alimwona hana hakika.

"Hebu nambie, fundi," alisema Bi Jokha. "Nikamwulizeje?"